Transfoma Imekuzwa, CT Imebaki Ile Ile

Transfoma ya kVA 100 ikishushwa nguzoni na ya kVA 315 ikapandishwa mahali pake, mtaa mzima hupumua. Taa hazififii tena saa 1 usiku, mashine ya kusaga haikwami, na fundi wa kuchomelea anafanya kazi bila kugombana na majirani. Ni jambo jema na tunataka liendelee, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay. Tunauliza kitu kimoja tu: kabla ya kuwasha, kuna mtu aliyefungua sanduku la mita la mteja mkubwa aliye chini ya transfoma hiyo, akasoma mstari wa pili kwenye kibandiko cha CT?

Mara nyingi hakuna. Kazi yenyewe ni ya dakika 10, na kila ikiulizwa kwa nini haifanyiki, majibu ni visingizio. Tumevisikia vya kutosha.

CT ni transfoma ya mkondo. Mteja anayetumia umeme mwingi kuliko mita inavyoweza kupitisha moja kwa moja, waya wake mnene hauingizwi ndani ya mita. Waya huo, au bapa la shaba, hupitishwa katikati ya pete, na pete hutoa mkondo mdogo unaolingana na ule mkubwa. CT ya 100/5 hugeuza ampea 100 kuwa 5. Mita husoma hizo 5, kisha hesabu huzidishwa kwa 20. Mteja, fundi na mwenye duka wote wanaijua 100/5. Ndiyo namba wanayoagizia, na ndipo kusoma kunapoishia.

Chini yake huandikwa Ith. Huo ni mkondo wa joto wa muda mfupi: kiasi cha umeme ambacho CT inaweza kukivumilia kwa sekunde 1 wakati wa shoti bila shaba yake wala kihami chake kuharibika. Kiwango cha kimataifa cha IEC 61869-2, kilichotoka mwaka 2012 kuchukua nafasi ya kile cha zamani cha 60044-1, ndicho kinachoeleza kipimo hicho na jinsi kinavyojaribiwa. Sekunde 1 inaonekana fupi, lakini kwa shoti ni muda mrefu. Joto halipati nafasi ya kutoka nje. Lote linabaki ndani ya shaba. Tena halipandi sawa na umeme. Mkondo ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne.

CT nyingi za volti ndogo huandikwa kwamba Ith yake ni mara 60 ya mkondo wake wa kawaida. Kwa CT ya 100/5, hiyo ni ampea 6,000 kwa sekunde 1. Karibu yake kuna namba ya tatu, Idyn, ambayo kwa kawaida ni mara 2.5 ya Ith: ampea 15,000. Hiyo haihusu joto, inahusu nguvu ya kusukuma na kupinda ambayo shoti huileta katika kilele chake cha kwanza.

Sasa tufanye hesabu ambayo kila mtu anaikwepa. Transfoma ya kVA 100 kwenye volti 400 hutoa ampea 144 ikiwa imejaa. Kibao chake huonyesha impidansi, yaani kiasi inavyouzuia mkondo, na kwa transfoma za ukubwa huu asilimia 4 ni ya kawaida. Gawanya 144 kwa 0.04: shoti ikitokea kwenye vichwa vyake, mkondo unafika ampea 3,600. CT yetu ya ampea 6,000 iko salama na kuna nafasi ya kutosha.

Ifanye transfoma kuwa ya kVA 315. Mkondo wake kamili ni ampea 455. Gawanya kwa 0.04: ni karibu ampea 11,400. CT ni ile ile, mteja ni yule yule, mota zake ni zile zile, bili yake haijabadilika. Kilichobadilika kiko juu ya nguzo, na hapo ndipo mtego ulipo. Kwa kuwa mteja hakuongeza matumizi, hakuna anayeona sababu ya kumtembelea. Aliyefunga CT ile zamani alifunga sawasawa. Leo haiko sawa, na hakuna mkono uliokosea ambao mtu angeweza kuuonyesha kidole.

Mtaalamu atasema hesabu yetu imechukulia kwamba umeme unaofika kwenye transfoma hauna ukomo, na Mbinga haiko hivyo. Ni kweli. Laini ya kilovolti 33 inayotoka Songea ina safari ya karibu kilomita 100, na urefu huo hupunguza makali ya shoti. Lakini mtandao hausimami mahali pamoja. Kabla ya mwaka 2018 Songea na Mbinga zilikuwa nje ya gridi ya taifa, zikitegemea majenereta ya dizeli, pamoja na maporomoko madogo kama Mbangamao, ambako kampuni ya Andoya ilijenga mtambo wa megawati 1. Kisha ikaja laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako hadi Songea, na majenereta yakanyamaza. Miaka michache tu imebadili kila kitu. Siku kituo kikubwa kitakaposogezwa karibu na Mbinga au na Ziwa Nyasa, lile punguzo la urefu wa laini litaondoka, na CT itakuwa bado iko ukutani. Kifaa kinachokaa miaka 20 hakinunuliwi kwa udhaifu wa laini ya mwaka huu.

Wamatengo, wenyeji wa Mbinga, hawahitaji kufundishwa jambo hili. Mtu akichimba ngoro, yale mashimo ya shambani, kwenye mteremko wa Mbinga hapimi kina cha shimo kwa manyunyu ya asubuhi; anapima kwa ile mvua moja ya masika inayoweza kuteremsha shamba lote bondeni. Namba ya 100/5 ni ya manyunyu. Ith ni ya masika.

Kisingizio cha kwanza tunachokisikia ni kwamba breka itakata. Hiki tunakipa nafasi, kwa sababu nusu yake ni kweli, na nusu ya kweli ndiyo inayowalaza watu.

Breka nzuri ya mteja ikikutana na shoti kubwa hukata ndani ya sehemu mbili hivi za mia za sekunde. Kwa muda huo, hata ampea 11,400 hazileti joto la kutosha kuiumiza CT ya ampea 6,000. Hesabu inakubali. Lakini angalia CT imekaa wapi. Mita hufungwa kwanza, breka kuu ya mteja hufuata. Kwa hiyo CT iko upande wa nguzo, breka iko upande wa jengo. Panya akikatiza kwenye vichwa vya juu vya breka hiyo, mjusi akiangukia bapa la shaba, au maji yakipenya kwenye paneli iliyo wazi juu, shoti inatokea kabla ya breka. Umeme wote unapita kwenye CT na breka haiguswi. Anayepaswa kukata hapo ni fyuzi iliyo juu, kwenye nguzo.

Sasa swali linalofuata linajulikana kwa kila mtu aliyewahi kuinua macho chini ya transfoma ya kijijini: pale juu pana fyuzi, au pana waya?

Fyuzi ikiungua usiku na ya akiba haipo, husokotwa nyuzi za waya, umeme unarudi, na mtu anashukuriwa. Kesho haji mtu kubadilisha. Waya ule hauungui kwa shoti ambayo fyuzi ingeikata. Na hesabu ya kinachofuata ni mbaya. CT iliyopimwa ampea 6,000 kwa sekunde 1, ikipitishiwa ampea 11,400, inavumilia kidogo zaidi ya robo ya sekunde. Baada ya hapo imevuka kipimo chake.

Basi shoti si itakatwa na breka ya laini huko kituoni Songea? Hapana, na hili ni muhimu kuliko yote kwenye ukurasa huu. Ampea 11,400 kwenye volti 400 huonekana kwenye laini ya kilovolti 33 kama ampea 138 tu, kwa sababu volti za huko juu ni mara 82 na zaidi ya zile za chini. Laini inayolisha wilaya nzima inaweza kupandisha ampea kama hizo kwa matumizi halali ya jioni. Breka ya kituoni haina namna ya kujua kwamba ampea hizi 138 ni moto ndani ya paneli moja na si wananchi wanaopika na kutazama taarifa ya habari. Itaendelea kulisha. Fyuzi ya nguzoni ndiyo peke yake iliyowekwa kutofautisha mambo hayo mawili, na sisi tumeiondoa tukaweka waya.

Ukweli huo unaonyesha pia dawa ilipo. Hatusemi kila CT ing'olewe. Fyuzi ya kaure yenye mchanga ndani, ya ukubwa unaolingana na mteja, ikiwekwa pale waya wake unapochepuka kutoka kwenye transfoma, hukata shoti kubwa kabla hata mkondo haujafika kilele chake. CT ya ampea 6,000 iliyo nyuma ya fyuzi kama hiyo itakaa salama kwa joto na kwa nguvu. CT ile ile iliyo nyuma ya waya wa kusokotwa haina kinga yoyote.

Kisingizio cha pili ni cha mafundi waliosoma kidogo zaidi. Wanasema CT ya mita imeandikwa FS5, maana yake ikifika mara 5 inajifunga yenyewe. Hapana. FS inahusu upande wa mita: kiini cha chuma hushiba ili mita isipokee mkondo mkubwa ikaungua. Inailinda mita, haiilindi CT. Upande wa waya mnene hakuna kinachojifunga. Ampea zote zilizotolewa na transfoma zinapita pale pale. Kuchanganya FS na Ith ni kosa la kawaida, na fundi akiambiwa mara moja hatalisahau.

Aina ya CT nayo ina maana. Ile ya pete, ambayo waya au bapa hupita katikati mara moja, ni ngumu. Mara nyingi kinachoumia kwanza ni waya wenyewe. Inayotaka uangalifu ni ile ya namba ndogo, ya 50/5 kushuka chini, ambayo ndani yake waya mnene umezungushwa mara kadhaa ili mita isome vizuri. Mizunguko hiyo husukumana wakati wa shoti, na shaba yake ni nyembamba. Mara 60 ya 50 ni ampea 3,000 tu. CT kama hiyo hata chini ya transfoma ya kVA 100 haitoshi, achilia mbali ya 315.

Kwa hiyo nani ahangaike? Si kila mtu. Mwenye duka aliye nguzo sita mbele hana shida hii, na hata CT hana. Umbali wenyewe unamlinda: mita 50 tu za waya wa alumini wa milimita 25 za mraba huishusha shoti ya ampea 11,400 hadi kati ya 3,000 na 3,500. Wanaopaswa kuuliza ni wale ambao transfoma iko getini kwao: viwanda vya kumenya na kukoboa kahawa, hospitali, pampu kubwa za maji, migodi ya makaa ya mawe kama ile ya Ngaka, maghala ya mahindi, na bandari mpya ya Mbamba Bay. Hatusemi kwamba mmoja wao ana kasoro. Tunasema hao ndio wenye haki ya kuona namba zao, na ndio watakaoumia zaidi zikiwa si sahihi.

Maana CT ikipasuka, si mita tu iliyokufa. Fezi moja inapotea, au mtu anazima kila kitu kwa hofu, na amefanya vyema kuzima. Kahawa mbivu iliyochumwa leo haisubiri. Isipomenywa siku hiyo hiyo inaanza kuchacha ndani ya ganda, na bei ya mkulima inashuka kabla hajafika mnadani. Chumba cha upasuaji kinahamia kwenye jenereta. CT nyingine inatafutwa Songea, ikikosekana inaagizwa Dar es Salaam, takriban kilomita 1,000 kutoka hapa. Na ile isiyopasuka ina hatari nyingine: kihami kilichoungua ndani huacha mizunguko michache igusane, na CT inaanza kusoma pungufu kimya kimya. Miezi inapita, kisha kunakuja ukaguzi, kisha kunakuja deni la nyuma ambalo mteja hakulitarajia na shirika la umeme, TANESCO, halikulifurahia.

Bei? Ndiyo, CT yenye shaba nene zaidi ina bei kubwa kuliko nyembamba. Lakini mara nyingi hata hilo si lazima. Chukua CT ya 200/5 badala ya 100/5. Kwa mara 60 ile ile, Ith yake ni ampea 12,000, na hiyo imezidi 11,400. Watu huiogopa kwa kudhani haitasoma vizuri mzigo mdogo. Agiza ya daraja la 0.5S, ambayo usahihi wake umewekewa kipimo kuanzia asilimia 1 ya mkondo wake, na hofu hiyo inakwisha. Kumbuka tu kwamba kizidisho kinabadilika kutoka 20 kuwa 40, hivyo badiliko liandikwe na TANESCO siku hiyo hiyo, la sivyo bili itatoka nusu.

Na hapa tuweke onyo. Mita na CT zake zimefungwa sili. Mteja asizifungue, na fundi wa mtaani asizifungue kwa kusema amesoma kwenye safu hii ya Maoni Yetu. Waya mwembamba wa CT ukiachiwa wazi huku umeme unapita, CT huzalisha volti kubwa kwenye ncha hizo, za kuua mtu. Kazi ya mteja ni kuandika barua: transfoma yangu imebadilishwa, naomba CT na fyuzi zangu zihakikiwe. Barua yenye namba mbili, ukubwa wa zamani na ukubwa mpya, si rahisi kuijibu kwa maneno matupu.

TANESCO nao wana njia rahisi kuliko zote. Wakati wa kubadilisha transfoma wafanyakazi wako pale pale, umeme umezimwa, ngazi imesimama. Kwenye karatasi ya kazi iongezwe mistari mitatu: kVA na impidansi ya transfoma mpya, Ith ya kila CT iliyo chini yake, fyuzi iliyowekwa, ni fyuzi na si waya. Mistari isipojazwa, kazi haijakwisha. Kibandiko chenye ampea za shoti kibandikwe ndani ya sanduku la mita, ili fundi atakayekuja miaka 8 baadaye asianze kukisia. Na fyuzi za akiba ziwe kwenye gari la dharura, si kwenye stoo ya mkoa, kwa sababu waya wa kusokotwa huzaliwa usiku ambao fyuzi haipo.

Wanaonunua wana sehemu yao. Bodi ya chama cha ushirika au kamati ya hospitali ikiletewa nukuu ya bei ya paneli, isitie saini kwenye mstari uliosema "CT 100/5, vipande 3" na basi. Idai Ith kwa kiloampea na sekunde zake, Idyn, na kiasi cha shoti cha mahali pale. Muuzaji wa Kariakoo asiyeweza kuonyesha kibandiko chenye namba hizo, au mwenye CT isiyo na kibandiko kabisa, arudishiwe mzigo wake. Mkandarasi mwenye leseni ya mdhibiti wa nishati, EWURA, asiyejua kupiga hesabu ya kugawanya kwa 0.04 ana kazi ya kufanya kabla ya kuchukua fedha za watu.

Msimu wa kahawa Mbinga hushika kasi kuanzia Juni. Transfoma zilizobadilishwa tangu msimu uliopita zinajulikana, ziko kwenye vitabu vya ofisi, na wateja wa CT walio chini yake wanahesabika. Orodha hiyo itolewe, na ukaguzi uanze na walio karibu kabisa na nguzo.